Anza Nyuma, Malizia Usoni: Mbinu za Kuzisoma Sanamu za Waolmeki

Ukikutana na kichwa cha jiwe cha Waolmeki, kwenye jumba la makumbusho au kwenye picha, usianze na uso. Najua agizo hili ni gumu. Kikubwa kuliko vyote kina kimo cha mita 3.4, na vingi vinamzidi mtu mzima urefu. Midomo mizito, macho yanayokukabili, kofia iliyobana paji la uso, vyote vinakuvuta. Lakini uso ndio unaompa mtazamaji nafasi kubwa ya kuona kile alichokuja nacho mwenyewe. Anayeanzia hapo huishia hapo: husema huyu anafanana na watu wa mahali fulani, hupiga picha, huenda zake.

Ninachoshauri ni mpangilio wa kinyume. Jiwe kwanza, kisha kisogo na mbavu, kisha makovu, kisha mahali sanamu ilipowekwa na majirani iliokaa nao. Uso uje mwisho, wakati tayari una ushahidi mkononi. Mbinu hii inafaa kwa sanamu yoyote ya kale, ila kwa Waolmeki ni ya lazima, kwa sababu watu hawa hawakutuachia vitabu vya kujieleza. Walichotuachia ni mawe, udongo, mbao chache zilizosalimika kwenye tope, na mpangilio wa vitu ardhini.

Kwa asiyewafahamu: Waolmeki waliishi kusini mwa Ghuba ya Meksiko, katika nyanda za joto na mito mingi ambazo leo ni majimbo ya Veracruz na Tabasco, takriban kati ya mwaka 1600 na 400 KK. Mji wao mkubwa wa kwanza, San Lorenzo, ulistawi hadi karibu 900 KK. Baadaye La Venta ikashika nafasi hiyo hadi karibu 400 KK. Vichwa vikubwa vinavyojulikana ni 17: kumi vya San Lorenzo, vinne vya La Venta, viwili vya Tres Zapotes na kimoja cha La Cobata. Vichwa hivyo ni sehemu tu ya kazi yao. Kuna viti vya enzi vya jiwe, watu walioketi, wanyama wakali, vinyago vidogo vya jedi, watoto wa udongo walio wazi ndani. Atakayevijua vichwa peke yake atakuwa amewajua nusu.

Liulize jiwe lilikotoka

Vichwa vyote vimechongwa kwenye basalti, jiwe la volkano, la kijivu kizito, gumu. San Lorenzo imekaa kwenye uwanda wa mito, na jiwe la namna hiyo halipo hapo. Lilitolewa kwenye milima ya Tuxtla, hasa miteremko ya Cerro Cintepec, kiasi cha kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. La Venta iko mbali zaidi, karibu kilomita 100. Kichwa cha kwanza cha San Lorenzo kina mita 2.85 hivi na uzito wa tani 25. Hakukuwa na ng'ombe, farasi wala punda katika nchi ile, wala mkokoteni. Palikuwa na watu, kamba, magogo, pengine na maji ya mito wakati wa mafuriko, na palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuwakusanya watu hao na kuwalisha mpaka kazi iishe. Kabla hujajua jina la mtawala, uzito wa jiwe umeshakueleza alivyokuwa na nguvu.

Sasa litazame umbo lake. Miamba ya Tuxtla ilikuwa imeporomoka zamani na kulala miteremkoni ikiwa mabonge makubwa yaliyokaribia kuwa mviringo. Mchongaji alikwenda kuchagua bonge, na bonge lenyewe likamwekea masharti. Tafuta mahali ambapo amegusa kidogo tu, ambapo ngozi ya mwamba imeachwa ilivyokuwa. Kisha tafuta mahali alipochimba kwa kina: pembe za mdomo, matundu ya pua, mkunjo kati ya nyusi. Hapo ndipo alipotumia siku zake. Hakuwa na patasi ya chuma. Aligonga jiwe kwa jiwe lililo gumu zaidi, punje kwa punje, kisha akasugua kwa mchanga na maji. Kwa kazi ya namna hiyo, pua inayochomoza mbele inamlazimu mtu aondoe jiwe lote linaloizunguka, halafu ndiyo ya kwanza kuvunjika. Kumbuka hilo, maana litatufaa tukifika usoni.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa mikono, chukua kipande cha tofali la kuchoma na kokoto ngumu, ukae chini ya mwembe, ugonge mpaka upate jicho moja. Usitumie chuma chochote. Tofali ni laini mno ukilinganisha na basalti, na bado utaona jinsi mkono unavyochoka na jinsi kila pigo linavyodai uamuzi. Baada ya zoezi hilo hutatazama tena kope ya sanamu ya Kiolmeki kwa haraka.

Zunguka

Vichwa vingi vina kisogo bapa. Watu hupita hapo bila kusimama, kwa kuwa hakuna cha kupiga picha. Simama. Ubapa huo una habari ndefu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliyaita mawe fulani makubwa ya mraba ya Waolmeki "madhabahu", na jina hilo limebaki vitabuni hadi leo. Mwaka 1973 David Grove alionyesha kwamba yalikuwa viti vya enzi. Ushahidi wake mmoja ulikuwa mchoro wa rangi kwenye pango la Oxtotitlán, jimbo la Guerrero, ambapo mtu mwenye mavazi ya ndege ameketi juu ya kitu cha aina hiyohiyo. Kwa hiyo kibandiko kikikuambia madhabahu, wewe soma kiti cha enzi. Baadaye, mwaka 1989, James Porter alieleza kwamba vichwa viwili vya San Lorenzo, cha pili na cha saba, vilichongwa upya kutoka kwenye viti hivyo, na kwamba alama ya kishubaka cha kiti cha zamani bado inaonekana. Kama ni hivyo, kisogo bapa kinaeleweka: kilikuwa upande wa kiti. Wapo wanaodhani kwamba mtawala alipofariki, kiti alichokikalia kiligeuzwa sura yake. Ni dhana, lakini ni dhana iliyozaliwa na watu waliokubali kuzunguka nyuma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni sanamu ya 52 ya San Lorenzo. Kwa mbele ni kiumbe mdogo aliyeketi, mdomo umepinda kuelekea chini, kichwa kina ufa katikati. Ukimwangalia kwa mbele tu utamwita mungu, basi. Ukienda nyuma unakuta mgongo umechimbwa mfereji, sawasawa na mawe ya mifereji ya maji ambayo Waolmeki waliyalaza chini ya ardhi ya mji huo, yaliyochongwa kwa basalti na kufunikwa kwa mifuniko ya basalti. Sanamu hiyo ilikutwa kwenye mwanzo wa mfumo huo wa mifereji, katika uchimbaji ulioongozwa na Michael Coe miaka ya 1960. Mgongo wake unamfunga na maji moja kwa moja, bila mtu kubahatisha.

Kichwa cha pili cha Tres Zapotes kina misuko saba ya nywele nyuma, imeshuka na kufungwa miishoni. Nacho kimekuwa maarufu kwa picha za kisogo, tofauti na wenzake, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Mbavu nazo zina neno. Kiti cha enzi cha La Venta kiitwacho Altar 4, ambacho sasa kiko kwenye bustani ya makumbusho mjini Villahermosa, kinaonyesha mtu aliyeketi ndani ya kishubaka kama anatoka pangoni, na juu yake kuna uso wa mnyama mwenye meno. Picha nyingi zinaishia hapo. Lakini mkononi mwake ameshika kamba nene. Ifuate kamba hiyo kwa macho. Inapita chini ya jiwe, inakata kona, na kwenye ubavu inamfikia mtu wa pili aliyechongwa kwa kina kidogo. Ni mateka? Au ni ndugu, na kamba ni ya ukoo? Wataalamu wanabishana. Aliyesimama mbele tu hajui hata kwamba kuna mtu wa pili wa kubishania.

Fanya vivyo hivyo kwa jirani yake, Altar 5. Mbele kuna mtu aliyempakata mtoto mlegevu, kana kwamba hana uhai. Ubavuni kuna watu wazima waliobeba viumbe wachanga wenye vichwa vya ufa, na hao wanachezacheza mikononi, wanapinda migongo, wana nguvu. Chora pande zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, mlegevu katikati na wachangamfu pembeni. Sijui njia nyingine bora ya kuuona mvutano ule, maana jiwe lenyewe halikuruhusu kuziona pande zote kwa wakati mmoja.

Soma makovu

Sanamu nyingi za San Lorenzo zimevunjwa vichwa, zimetobolewa vishimo vya mviringo, zimekwaruzwa mifereji. Usiyachukulie kuwa ni uharibifu wa wakati tu. Coe aliposhuhudia mawe yaliyovunjwa na kuzikwa kwa mistari alifikiria maasi dhidi ya watawala. Grove alipendekeza mwaka 1981 kwamba kuvunja kulikuwa desturi ya kuzima nguvu ya sanamu baada ya mwenyewe kufa. Ann Cyphers, aliyechimba San Lorenzo tangu mwaka 1990, ameona pia dalili za karakana: mawe yaliyokuwa yanangoja kuchongwa upya, kwa kuwa basalti ilikuwa mali ya thamani na haikutupwa.

Ukiwa mbele ya jiwe lenye kovu, jiulize maswali mawili tu. Je, pigo limelenga kiungo fulani, au limepiga popote? Na je, kingo za pale palipovunjika zimelainishwa baadaye au zimeachwa kali? Maswali hayo hayatoi jibu la mwisho, ila yanakuondoa kwenye kusikitika na kukuingiza kwenye kutazama.

Kwenye jedi, cheza na mwanga

Hapa mbinu hubadilika. Vinyago vya jedi vya Waolmeki ni vidogo, vingi vinaenea kiganjani. Jiwe lenyewe lilitoka mbali sana, bonde la Motagua huko Guatemala, mamia ya kilomita kutoka La Venta, na ni gumu kuliko basalti. Walilikata kwa kamba iliyolowanishwa na kupakwa mchanga mkali, wakaivuta huku na huku, wakatoboa kwa keekee za mwanzi zinazozungushwa juu ya mchanga huo huo, na mwisho wakalisugua mpaka likang'aa.

Picha iliyopigwa kwa mwanga wa mbele inaua kazi hii. Tafuta iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, au kama upo makumbushoni, wewe mwenyewe inama, sogea kushoto, sogea kulia, mpaka mwanga uteleze juu ya uso wa jiwe. Ndipo utakapoona vishimo vya mviringo kwenye pembe za mdomo na puani, nyayo za keekee. Utaona mistari myembamba kama unywele iliyochorwa mabegani au mapajani. Wakati mwingine utaona wekundu umebaki ndani ya mistari hiyo: ni sinabari, madini mekundu yenye zebaki, waliyoyapaka makusudi.

Mistari hiyo si pambo. Mwaka 1965, kijijini Las Limas, jimbo la Veracruz, watoto wawili waliona kitu kikichomoza ardhini. Kilikuwa kijana wa jiwe la kijani, kimo sentimita 55, ameketi kwa kukunja miguu na amempakata mtoto mlegevu mwenye mdomo uliopinda. Wanakijiji walimchukua kama Bikira Maria na kumpa heshima yake. Wataalamu walipomtazama kwa karibu wakakuta kwenye mabega na magoti yake nyuso nne zimechorwa kwa mistari hafifu, kila moja na kichwa cha ufa na macho ya namna yake. Nyuso hizo ndizo zilizompa Coe, na baada yake Peter David Joralemon mwaka 1971, funguo za kuwatenganisha viumbe wa imani ya Kiolmeki, ambao awali walichanganywa wote pamoja. Kijana huyo aliibwa makumbushoni mjini Xalapa mwaka 1970 na baadaye akapatikana Marekani. Leo yuko tena Xalapa. Ukimpata kwenye picha, kuza mabega yake kwanza.

Usiseme jagua kila mara

Mwaka 1929 Marshall Saville aliuona mdomo ule uliopinda kuelekea chini na ufa ule wa kichwani, akauhusisha na jagua, chui mkubwa wa misitu ya Amerika. Wazo likashika. Kuanzia hapo kila mdomo wa Kiolmeki ukawa wa mtu-jagua, na vibandiko vingi vya makumbusho bado vinasema hivyo.

Jagua yumo, hilo sikatai. Lakini kuna mamba, nyoka, tai mkubwa wa msituni, papa na chura pia. Ufa wa kichwani wakati mwingine unatoa chipukizi, nalo ni hindi linaloota. Karl Taube ameonyesha kwa mifano mingi jinsi mahindi yalivyotawala sanaa ya La Venta. Miguel Covarrubias, msanii na mtafiti wa Meksiko, alichora miaka ya 1940 ukoo mzima wa miungu ya mvua ya Meksiko akiuanzisha na uso huu wa Kiolmeki. Kwa hiyo, unapoona mdomo huo, tafuta alama tatu kabla ya kutaja mnyama: meno yana umbo gani, nyusi zimechongwa kama nini (za ndimi za moto huashiria mamba au ardhi yenyewe), na ufa unatoa kitu au ni mtupu. Kama hujapata hata moja, andika "mdomo uliopinda" na uendelee na safari. Ni heri maelezo machache ya kweli.

Na wapo wachanga wa udongo, waliopakwa rangi nyeupe, wanene, vidole vidogo, wameketi miguu imetanuka. Mmoja yuko Metropolitan Museum mjini New York. Hawana meno ya mnyama wala ufa. Ni watoto, waliotazamwa na mtu aliyewajua watoto, na napenda wabaki hivyo.

Nani alikaa na nani

Mwaka 1955, wachimbaji wa La Venta walikuta chini ya sakafu kundi la vinyago 16 na mabamba sita ya umbo la shoka, vyote vimesimama wima kwenye mchanga, kama vilivyowekwa siku ya kwanza. Kinyago kimoja, cha jiwe chakavu tofauti na jedi na serpentini za wenzake, kimeyapa mabamba mgongo. Wengine wamemzunguka. Baadhi wanaonekana wanapita mbele yake. Na kuna jambo la kushangaza zaidi: wakati fulani baada ya kufukiwa, mtu alichimba shimo mpaka usawa wa vichwa vyao, akawaangalia, akafukia tena bila kugusa. Waliokuja baadaye walijua hasa walipo.

Fikiria vinyago hivyo vingechimbwa usiku na kuuzwa kimoja kimoja. Tungekuwa na watu 16 wadogo wenye vichwa virefu na magoti yaliyopinda kidogo, kila mmoja kwenye kabati la nchi yake, na mkutano wote ungepotea. Ndiyo maana, unaposoma maelezo ya sanamu yoyote, tafuta kwanza sentensi inayosema ilikutwa wapi, imeelekea wapi, kando ya nini. Sanamu mbili za El Azuzul, karibu na San Lorenzo, ni vijana wanaofanana kama mapacha, mmoja nyuma ya mwenzake, na mbele yao mnyama wa jamii ya paka. Kila moja peke yake ni mtu aliyepiga magoti. Zikiwa pamoja kuna tukio.

Mfano wa kinyume ni yule maarufu aitwaye Mpiganaji, basalti ya sentimita 66, mwili umegeuka, mikono imeinuliwa. Mgongo wake ni miongoni mwa migongo mizuri niliyowahi kuona kwenye jiwe lolote. Lakini hakuchimbwa na mtaalamu, hana kumbukumbu ya alipolala, na kwa sababu hiyo wapo wanazuoni wanaotilia shaka kama ni wa kale kweli. Uzuri peke yake haukuweza kumtetea.

Sasa uso

Wengi wetu tulivijua vichwa hivi kupitia simu, chini ya maneno kwamba ni ushahidi wa Waafrika waliovuka Atlantiki kabla ya Columbus. Dai hilo ni la zamani kuliko intaneti. José María Melgar, aliyekiona kichwa cha Tres Zapotes mwaka 1862 na kuandika habari zake mwaka 1869, alisema sura yake ni ya Kihabeshi. Mwaka 1976 Ivan Van Sertima alilipanua wazo hilo kwenye kitabu kilichosomwa sana. Na ile misuko saba ya Tres Zapotes hurushwa mitandaoni kila mwaka.

Sasa tumia ulichokusanya. Jiwe ni la Tuxtla. Mbinu ya kugonga na kusugua ni ya wenyeji. Vyungu vya San Lorenzo vinaonyesha jamii iliyokua hapo hapo kwa karne nyingi kabla ya kichwa cha kwanza kuchongwa. Hakuna kitu cha Kiafrika kilichowahi kuchimbwa kwenye tabaka la Waolmeki. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu wawili, wa San Lorenzo na Loma del Zapote, ulionyesha nasaba ya mama iliyo ya kawaida kwa wenyeji wa Amerika. Pua pana na midomo mizito utaikuta leo kwa wakulima wa Veracruz na Tabasco, na tumeshaona kwamba jiwe nalo lina masharti yake juu ya pua. Misuko husukwa na mataifa mengi. Weka kichwa kimoja kando ya vyote 17, na kando ya vinyago vya jedi vyenye vichwa virefu na macho membamba, na utaona dai linavyosimama juu ya picha mbili au tatu zilizochaguliwa.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu pwani yetu inaujua uchungu wake. Kwa miongo mingi mawe ya Kilwa na Gedi yalisemwa kuwa ni kazi ya wageni, kana kwamba Waswahili walikuwa watazamaji katika miji yao wenyewe. Tuliotendewa hivyo tusimtendee Mmeksiko.

Ukishaliweka kando hilo, uso unafunguka. Kila kichwa ni mtu wake. Kichwa cha La Cobata kimefumba macho. Kimoja cha La Venta kinatabasamu na meno yanaonekana. Kofia nazo hazirudiwi: kichwa cha tano cha San Lorenzo kina nyayo za jagua zenye makucha, cha pili kina vichwa vya ndege. Chora kofia peke yake, bila uso, kwa kila kichwa unachokipata, uzipange mezani. Utakuwa na orodha ya watawala isiyo na majina, ila yenye alama zao. Kisha ndipo urudi kwenye macho. Ongeza na rangi kwa mawazo yako, kwa kuwa mabaki ya rangi nyekundu yamewahi kuonekana, na kijivu tunachokipenda leo huenda hakikuwa sura waliyoiona wao.

Ukiletewa ya kununua

Usinunue. Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 inavifanya vitu vya kale kuwa mali ya taifa, na soko la vinyago vya Kiolmeki limejaa bandia. Keekee ya umeme huacha tundu lenye kuta zilizonyooka sawasawa, wakati tundu la kale lililotobolewa pande zote mbili hubana katikati. Lakini waghushi nao wanalijua hilo. Kipande halisi kinachouzwa bila habari za kilipotoka mara nyingi ni kipande kilichoporwa. Jiwe kubwa la Chalcatzingo lenye mdomo wa ardhi uliofunguka liliporwa, likakaa Marekani miongo kadhaa, na likarudishwa Meksiko mwaka 2023 tu.

Pa kuanzia

Xalapa ndipo penye hazina kubwa: vichwa saba vya San Lorenzo ndani ya jumba moja. Villahermosa kuna bustani aliyoianzisha mshairi Carlos Pellicer mwaka 1958, ambapo mawe ya La Venta yamewekwa kati ya miti, na kivuli kinahama nawe. Kwa wasomaji walio Marekani, Dumbarton Oaks mjini Washington ina jedi za kuinamia. London, British Museum ina shoka la jedi lenye uso. Kwa anayetumia simu, tafuta kwa namba badala ya sifa: kichwa cha nane cha San Lorenzo, kwa mfano, kimeandikwa kwenye orodha kuwa Monumento 61, na namba hiyo itakuletea picha za pande zote na michoro ya wachimbaji, wakati maneno "kichwa cha Olmec" yataleta uso uleule.

Na kwa aliye Afrika Mashariki, kuna nakala ya kichwa iliyotolewa na serikali ya Meksiko kwa Ethiopia mwaka 2010, iliyowekwa kwenye uwanja unaoitwa Meksiko mjini Addis Ababa. Meksiko ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizokataa kuutambua uvamizi wa Italia dhidi ya Ethiopia miaka ya 1930, na jina la uwanja ule ni kumbukumbu ya urafiki huo. Nakala haitakuonyesha nyayo za mawe ya kugongea wala makovu ya kweli, ila itakupa ukubwa, jambo ambalo hakuna picha inayoweza. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa chini, na uende na mwenzako wa kusimama kando yake awe kipimo unapochora.